Chakula cha Udongo na Chungu cha Mawe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo kisha akamtukuza kwa akili. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na ahli zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Limetufikia katika darsa yetu swali la ndugu mmoja wa huku kwetu pwani ambaye biashara imempeleka bara, naye huenda na kurudi baina ya Migori na Homa Bay, na nyumba yake na watoto wake wako huko huko. Asema kwamba mkewe ana ada, jioni amalizapo kazi zake, kukaa uani na watoto wakafinyanga vyakula vidogo vidogo vya udongo: vimahamri vya ukubwa wa ukucha, visambusa, visahani vya wali na mbaazi; na kwa kuwa watoto wamekulia kando ya ziwa, huongeza sima, omena, na samaki ngege aliyekaangwa mzima. Huvianika kivulini, vikakauka, wakavipaka rangi, kisha hugawana wakawa wengine wenyeji na wengine wageni, wakakaribishana. Basi alipowatembelea mzee mmoja wa jamaa zao aliwakataza, akatoa sababu tatu. Ya kwanza, kwamba huko ni kufanya sanamu. Ya pili, kwamba kumwambia mtoto ale wali na hali umempa udongo ni kumfunza uongo. Ya tatu, kwamba ni upuuzi wa kupoteza wakati, na bora mama awasomeshe watoto. Ndugu yetu auliza: je, mzee amesema haki?

Swali hili laonekana dogo, na huenda wako watakaolicheka. Lakini katika madogo ya nyumbani ndimo yalimo makubwa ya dini na tabia, na wahenga wetu walisema udongo uwahi ungali maji. Basi tutalijibu jambo kwa jambo, kisha tutasema neno ambalo hatukuulizwa, nalo ndilo zito kuliko yote.

Ama khabari ya sanamu, makatazo yaliyokuja katika hadithi yamewahusu wenye kufanya sura za viumbe wenye roho. Imepokewa kwamba alikwenda mtu kwa Sayyidna Abdullah bin Abbas (r.a.), akamweleza kuwa riziki yake yatokana na kazi ya mikono yake ya kufanya sura. Ibn Abbas akamtajia makamio yaliyokuja juu ya jambo hilo, kisha alipomwona yule mtu amefadhaika, akamfungulia mlango: ikiwa hana budi, na afanye miti na kila kisichokuwa na roho. Basi hamri halina roho, wala sambusa, wala sahani ya wali. Aliyekataza haya amekataza kisichokatazwa.

Imebaki khabari ya yule samaki. Hapa twasema kuwa watoto wana ruhusa yao. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa alikuwa na watoto wa bandia akicheza nao na wenzake katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), na kwamba Mtume hakumkataza, bali akiwaachia wenzake waingie wacheze naye. Na katika riwaya nyingine yatajwa farasi aliyekuwa na mbawa za vitambaa. Mtume akamwuliza juu yake, na alipojibiwa kuwa farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa, alicheka. Kwa ajili ya hayo wanazuoni wengi wametoa michezo ya watoto katika makatazo, kwani ndani yake mna mafunzo ya ulezi na ya kazi za nyumbani. Na mwenye kutaka kujitoa katika ikhtilafu, na amkate yule samaki vipande kama akatavyo mchuuzi sokoni, na mchezo hautaharibika.

Ama khabari ya uongo, mzee ameshika jambo kubwa, nasi hatutaki kulipuuza. Imekuja hadithi ya Abdullah bin Amir, asema kuwa siku moja, naye ni mtoto, mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w.) amekaa katika nyumba yao. Mtume akamwuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo mmoja. Tazameni jinsi jambo hili lilivyo kali! Wazazi wangapi kati yetu humwita mtoto kwa peremende wasiyokuwa nayo, humwahidi safari wasiyoikusudia, humtisha kwa zimwi lisilokuwapo, na wala hawahisabu kuwa wamesema uongo?

Lakini uongo ni nini? Uongo ni kumtia mtu katika moyo wake jambo unalojua wewe kuwa si kweli, ili aliamini. Yule mtoto angemwendea mama yake akitaraji tende, akakuta mkono mtupu. Hapo amedanganywa. Ama mtoto aliyelifinyanga hamri kwa mikono yake mwenyewe, akaliona likikauka, akalipaka rangi, yeye ajua vyema kuwa lile ni udongo. Mwambie alitafune kweli kweli, naye atakucheka, au atakusahihisha kwamba huu ni mchezo tu. Basi mama na mtoto wote wawili wajua, na hapana aliyeaminishwa lisilokuwa. Maneno yao ni maneno ya mchezo, na kila mmoja ameyaingia kwa ridhaa. Huku si kusema uongo, kama vile mwalimu amwambiapo mwanafunzi, "Una maembe kumi, ukampa mwenzako matatu," na hali hana hata embe moja mkononi, hatusemi kuwa mwalimu huyo amedanganya.

Ama khabari ya upuuzi, twasema kuwa mchezo wa mtoto ni kazi yake. Kidole kinachojifunza kufinya ukingo wa sambusa ya udongo ndicho kitakachoshika kalamu kesho. Na mama aliyekaa na wanawe saa moja uani amewapa kitu ambacho chuo wala skuli haviwezi kuwapa. Watoto hawa wazaliwa mbali na pwani. Labda hawajaona mnazi ukikwewa. Kwa udongo ule mama awafunza majina ya vyakula vya kwao, na watoto nao wamfunza majina ya vyakula vya ziwani. Na nchi ile yenyewe si ngeni kwa udongo: wanawake wa Kiluo wamekuwa wafinyanzi tangu zamani, na mtungi wao wa maji waitwao dapi, na chungu chao kiitwacho agulu, ni vyombo vya kustaajabiwa. Mtoto wa Kiislamu atakayejifunza kuiheshimu kazi ya jirani yake hakupoteza wakati.

Hata hivyo, jibu letu halijakamilika. Tumesema kuwa mchezo si uongo kwa sababu mtoto ajua. Je, kujua peke yake kwatosha? Na tulipime hilo kwa tukio ambalo sote huku pwani twalijua.

Mwezi wa Aprili mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, mjane mmoja wa Mombasa, mama wa watoto 8, alikosa kazi yake ya kuwafulia watu nguo, kwani watu walikuwa wakiogopa kuingiliana. Siku ilipofika ambayo hakuwa na kitu, aliteleka chungu motoni akatia mawe, akawaambia watoto wangoje chakula kiive, akitumai usingizi utawachukua. Jirani alisikia vilio vya watoto, akaenda kutazama, akatoa khabari, na watu wa Kenya nzima wakamtumia fedha kwa simu. Na katika maelezo ya mama yule lilikuwamo neno moja la kuchoma moyo: kwamba watoto walikuwa wakimwambia kuwa wajua anawadanganya, naye hana la kufanya kwa kuwa hana kitu.

Basi fikirini, enyi ndugu. Watoto wa Mombasa walijua kuwa mle chunguni mna mawe, au walikisia. Watoto wa Homa Bay wajua kuwa sahanini mna udongo. Wote wawili wajua. Udongo na jawe ni ndugu. Lakini nani atakayesema kuwa vyungu hivi viwili ni kimoja? Kwa hiyo kujua peke yake hakutoshi kuwa mizani. Iko mizani ya pili, nayo ni kuuliza: njaa ni ya nani?

Na tuitazame mizani hii katika khabari tatu za masahaba. Ya kwanza ni ya Rubayyi bint Muawwidh (r.a.), aliyesimulia kuwa walipokuwa wakifunga siku ya Ashura waliwafungisha na watoto wao, wakawafanyia vitu vya kuchezea vya sufi, mtoto aliliapo chakula, alipewa kile cha kuchezea mpaka wakati wa kufuturu. Hapa mna mtoto mwenye njaa na mna mchezo. Lakini chakula kipo, na saa yake yajulikana, na mzazi naye afunga pamoja na mtoto. Njaa ni ya wote, na mwisho wake u karibu.

Khabari ya pili ni ya yule Ansari aliyempokea mgeni wa Mtume (s.a.w.), na nyumbani hamna ila chakula cha watoto. Yeye na mkewe wakawalaza watoto, wakaizima taa, wakakaa na mgeni gizani wakijifanya nao wanakula, mgeni akashiba na wao wakalala na njaa. Mwenyezi Mungu akaridhika na kitendo chao. Na wanazuoni wameeleza kuwa watoto wale hawakuwa katika dharura ya njaa, kwani haki ya mtoto haitolewi sadaka. Hapa mgeni hakujua, na waliojifanya walijua; kwa mizani ya kwanza tungesema wamemdanganya. Lakini kwa mizani ya pili twaona kuwa waliojifanya ndio walioibeba njaa, wakamwondolea mwingine. Kujifanya kwao kulikuwa ukarimu.

Khabari ya tatu ni ya Sayyidna Umar (r.a.). Usiku mmoja, naye ni Khalifa, alitoka nje ya Madina pamoja na mtumishi wake Aslam, akaona moto, akamkuta mwanamke ameteleka chungu na watoto wanalia pembeni yake. Alipouliza ndani ya chungu mna nini, aliambiwa kuwa ni maji tu, ya kuwatuliza watoto mpaka walale, na kwamba Mwenyezi Mungu ndiye atakayehukumu baina yao na Umar. Je, Umar alimwambia mwanamke yule kuwa ni mwongo? Alimsomea hadithi za kukataza uongo? Hakufanya hivyo. Alirudi mbio kwenye ghala, akatoa unga na mafuta, na Aslam alipotaka kumbebea alikataa, akamwuliza kama ataweza pia kumbebea mzigo wake siku ya Kiyama. Akaubeba mgongoni mwake, akaupuliza moto kwa pumzi zake mpaka moshi ukapita katika ndevu zake, akawapikia kwa mkono wake.

Basi hukumu ya vyungu vyote imeonekana. Uongo wa chungu cha maji haukuandikwa kwa yule mama. Umar aliona kuwa mzigo wake ni juu ya mgongo wa yule aliyekuwa na ghala. Na chungu cha mawe cha Mombasa vile vile. Mwenye kuuliza kama mama yule alitenda dhambi kwa kuwadanganya wanawe, kwanza na ajiulize nyumba yake ilikuwa na unga kiasi gani usiku ule, na ilikuwa mbali kiasi gani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini kutomjua si udhuru kwa jirani.

Sasa turudi uani kwa ndugu yetu. Mchezo ule ni halali, na ni mzuri, maadamu waliokaa pale wameshiba au wana tamaa ya kushiba. Lakini watoto huvuta watoto. Mtoto wa jirani atakuja, naye huenda hajala tangu asubuhi. Akiwekewa mbele yake sahani ya wali wa udongo, akaambiwa akaribie ale, yeye pia ajua kuwa ni udongo, na hapana aliyemdanganya. Lakini mchezo kwake umekuwa kejeli. Hapo ndipo mama aache udongo, ainuke aingie jikoni, atoe alicho nacho, hata kama ni kipande cha muhogo, ampe yeye na wanawe pamoja, bila ya kumwuliza mbele ya watu kama ana njaa. Akifanya hivyo mara moja, wanawe watakuwa wamejifunza katika dakika ile kuliko walivyojifunza katika mwaka wa kufinyanga. Na asipofanya hivyo, mafunzo yote ya kukaribishana wageni wa mchezo yamegeuka hoja juu yake.

Watu wa nchi ile wenyewe wana hikaya katika jambo hili. Karibu na Kendu Bay, mji wa zamani wa bandari katika Homa Bay ambao Uislamu una mizizi ndani yake, liko ziwa dogo la maji ya magadi liitwalo Simbi Nyaima. Husimuliwa kuwa hapo palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu wakiwa katika sherehe alikuja ajuza maskini mwenye njaa, wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemhurumia. Ajuza akamwonya mwanamke yule atoke pale, kisha mvua ikanyesha ikakigharikisha kijiji na wote waliomo. Sisi hatuiweki hikaya mahali pa dini, lakini twasema kuwa watu waliolipa ziwa maana kama hiyo walijua vyema dhambi ya kula mbele ya mwenye njaa ni kitu gani.

Na yako mambo mengine ya kutahadhari, kwani kanuni ya sharia ni kwamba madhara huondolewa. La kwanza, siku hizi wako watu wafanyao kinyunga cha kuchezea kwa unga wa ngano, chumvi na mafuta. Hatusemi kuwa ni haramu kwa kila hali, lakini twachukia kuona riziki ikifanywa kitu cha kutupwa. Mwaka 2022 pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilipita shilingi 200 katika Kenya, hata serikali ikatoa ruzuku mwezi wa Julai ili ishuke hadi shilingi 100. Mtoto aliyeuona unga ukichezewa wakati jirani anaukosa amejifunza somo baya. Udongo watosha.

La pili, udongo utoke mahali salama. Katika upande wa Nyatike na Macalder huko Migori, wachimbaji wadogo wa dhahabu husaga mawe wakachanganya na zebaki, nayo ni sumu inayobaki katika udongo na maji, na inadhuru ubongo wa mtoto. Udongo wa karibu na machimbo usitumiwe hata kidogo. Na tope la ukingoni mwa ziwa nalo lina khatari yake, kwani maji yale yana konokono wachukuao kichocho, na mtoto akiingia kuchota tope hutoka na maradhi. Bora anunue udongo kwa wanawake wafinyanzi, awape riziki yao ya halali, maana wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Nasi tusiwe katika watu wanaomwacha hivyo.

La tatu, mtoto mchanga asiachiwe vipande vidogo, kwani yeye ndiye pekee asiyejua kuwa ni mchezo, atavitia kinywani vikamkaba au vikamtia minyoo. Na wale watoto wenye ada ya kula udongo, au lile jawe laini liitwalo odowa na Waluo, waangaliwe, wala wasifanyiwe mzaha.

La nne, mama autie mchezo adabu. Mwenye kula sima ya udongo aanze kwa bismillahi na ale kwa mkono wa kulia, na mwenyeji amtangulize mgeni. Na kila siku mmoja wa watoto awe ndiye mgeni maskini, ajifunze ladha ya kubisha hodi. Na wavulana nao wafinyange na kuandaa pamoja na dada zao, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake katika kazi zao.

Basi kwa ndugu yetu twasema: mpe mzee salamu zetu kwa heshima, umwambie kuwa amekhofia dini ya watoto, na khofu hiyo ni njema, ila hukumu aliyoitoa haikufika mahali pake. Na kwa wenzetu wa darsa twasema: kila mmoja aihisabu mitaa yake. Ziko nyumba ambazo usiku huu chungu kiko motoni na hakuna atakayeuliza mna nini ndani. Yule jirani wa Mombasa hakuwa Khalifa wala hakuwa na ghala. Alikuwa na masikio tu, akasikia mtoto akilia, akainuka.

Na mwisho wa khabari ya Sayyidna Umar ni huu: watoto walipokwisha kula, hakuondoka upesi. Alijitenga kando akakaa akiwatazama, mpaka alipowaona wanacheka na kuchezeana, kisha wakalala. Akamwambia Aslam kuwa njaa ndiyo iliyowaliza, naye hakutaka kuondoka mpaka aone hali ile aliyoiona. Basi jueni kuwa mchezo wa mtoto ndio stakabadhi ya shibe yake. Mtaa ambao watoto wake wote wanacheza, watu wake wametekeleza baadhi ya yaliyo juu yao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na shibe isiyosikia, na awape watoto wetu mikono ya kutoa. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.